Walioingia Walikuwa Wangapi? Mwongozo wa kupima chuo cha umma na kukidai majibu, kwa wazazi, wanafunzi na wajumbe wa Kanda ya Ziwa

Siku mdogo wangu anahitimu tulitoka nyumbani Buhongwa jua halijapanda, mama amejifunga kitenge kipya na shada la maua mkononi. Mshereheshaji akasoma idadi ya wahitimu wa chuo kizima, vigelegele vikaitika. Macho yangu mimi yalikuwa kwenye darasa la mdogo wangu. Alipoanza mwaka wa kwanza nilimpelekea godoro, nikachungulia ukumbi wao wa mihadhara: watu walijaa hadi madirishani, wengine wakiandikia mapajani. Siku ya mahafali darasa hilohilo lilikaa safu nne za viti vya plastiki. Nilipomuuliza wenzake wako wapi, alinijibu kwa sauti ya chini: "Kaka, wengine walidisko, matokeo yaliwatoa, wengine ada iliwashinda. Wengine hata sisi hatujui."

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini kuuliza. Nikapewa jumla ya wanafunzi wote waliosajiliwa mwaka ule na jumla ya wahitimu wote. Kati ya wale niliowaona madirishani, wangapi walifika mwisho? Hilo halikuwa na jibu. Walinieleza kwa upole kabisa kwamba taarifa haziandaliwi hivyo.

Tangu hapo nimekaa na viongozi wa madarasa, wazazi na wajumbe kadhaa wa mabaraza ya vyuo, tukijifunza namna ya kuuliza vizuri zaidi. Ninachokishikilia ni kimoja: chuo kipimwe kwa kulifuata kundi lililoingia pamoja, mtu kwa mtu, tangu siku ya usajili. Majengo, machapisho na wingi wa kozi vina nafasi yake, lakini vinakuja baadaye. Na neno uwajibikaji nalitumia hapa kwa maana nyembamba: kuna swali lililoandikwa, kuna mwenye cheo anayepaswa kulijibu, na kuna tarehe ya kujibu.

Hatua ya kwanza: jua chuo chako kinajibu kwa nani

Vyuo vya Mwanza havifanani kisheria. SAUT ya Malimbe (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) na CUHAS ya Bugando (chuo kikuu cha afya) ni vya Kanisa Katoliki. Vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, ila mmiliki wake si serikali. Vya umma tulivyonavyo hapa ni zaidi kampasi na vituo: DIT (Taasisi ya Teknolojia) yenye teknolojia ya ngozi, CBE ya biashara, IFM ya fedha, TIA ya uhasibu, kituo cha Kanda ya Ziwa cha Chuo cha Mipango, kituo cha Chuo Kikuu Huria, na chuo cha uvuvi cha FETA pale Nyegezi. Sengerema kuna kampasi ya Chuo Kikuu Ardhi, na Butiama mkoani Mara kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere.

DIT, CBE, IFM na TIA si vyuo vikuu. Msimamizi wao ni NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na mafunzo yao yanakwenda kwa ngazi za tuzo za ufundi za taifa, NTA, kuanzia ya 4 hadi ya 8, ambayo ndiyo shahada. Ukimwandikia TCU malalamiko yanayomhusu NACTVET, barua itazunguka mezani na muhula utaisha.

Sasa angalia tena ile orodha. Karibu vyuo vyote hivyo makao makuu yake yako Dar es Salaam au Dodoma. Taarifa ya mwaka inaandikwa huko, na ndani yake Mwanza imezama: wanafunzi wote wamejumlishwa, wahadhiri wote wamejumlishwa, kompyuta zote zimejumlishwa. Kampasi kuu ikiwa na wahadhiri wengi na sisi huku tukawa na wachache wanaozunguka na mabegi kati ya madarasa, wastani wa chuo kizima utapendeza. Kwa hiyo ombi lolote utakaloandika, liwe na maneno haya: "kwa kampasi ya Mwanza peke yake". Nimeona watu wakisahau sentensi hiyo, wakajibiwa vizuri sana kuhusu Dar es Salaam.

Hatua ya pili: andika swali kabla hujatafuta namba

Ukianza na namba zilizopo utapima kile ambacho ofisi inapenda kuhesabu. Anza na kinachokuuma, na maswali yasizidi matano. Haya ndiyo tunayoyatumia sisi, nawe unaweza kuyabadilisha: Walioingia pamoja wangapi walimaliza, na kwa muda gani? Vipindi vilivyo kwenye ratiba vinafundishwa kweli? Matokeo yanatoka baada ya siku ngapi? Mwaka mmoja baada ya kuhitimu, watu wako wapi? Fedha zilizopokelewa zimefanya kazi iliyosemwa?

Mbona machache hivyo? Kwa sababu kipimo kinabadilisha tabia ya anayepimwa. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alilieleza hilo mwaka 1975 akizungumzia sera za fedha: mwenendo wa takwimu uliouzoea huvunjika mara tu unapoanza kuutumia kudhibitia watu. Vyuo vimeshapitia hayo. Jimbo la Tennessee nchini Marekani lilianza mwaka 1979 kuvipa vyuo vyake vya umma sehemu ya fedha kwa kuangalia matokeo, na majimbo mengine yakafuata. Jimbo la Washington lilipofanya hivyo kwa vyuo vyake vya jamii, watafiti walikuta vyeti vya muda mfupi vimeongezeka huku stashahada za miaka miwili zikibaki palepale. Vyuo vilizalisha kilichohesabika haraka.

Kwetu ni rahisi kuona jinsi hilo litakavyotokea. Ukikisifu chuo kwa asilimia ya ufaulu peke yake, njia fupi ni mtihani kulegezwa, au wanafunzi dhaifu kushauriwa waahirishe mwaka kabla ya mtihani. Ndiyo maana maswali yetu yanakwenda mawili mawili: ufaulu unatazamwa pamoja na walioondoka, na idadi ya wahitimu inatazamwa pamoja na walichopata baadaye. Namba moja ikipandishwa kwa ujanja, mwenzake itaharibika na utaiona.

Hatua ya tatu: fuata kundi

Hapa tutakaa sana, maana ndipo wengi wanapokosea.

Pale Mwaloni Kirumba mnunuzi makini wa dagaa anautazama mzani ukiwa mtupu kwanza. Mshale ukishasimama kwenye sifuri ndipo gunia linapandishwa. Asipofanya hivyo, kila kilo itakayosomwa baadaye ina wasiwasi. Sifuri ya chuo ni idadi ya waliojisajili mwaka wa kwanza, siku usajili ulipofungwa. Usichukue idadi ya waliochaguliwa, kwa sababu mtu anaweza kuchaguliwa asifike. Usichukue nafasi zilizoidhinishwa pia, ingawa zitunze kwa kazi nyingine: mwongozo wa udahili wa TCU unataja nafasi za kila kozi ya shahada, na kozi iliyoidhinishiwa watu 100 ikisajili 180 utajua kwa nini wanakaa madirishani.

Tuchukue mfano wa hesabu, wa kutungwa ili tuone njia. Kozi ya miaka mitatu imesajili watu 120. Mwaka wa pili wamefika 98, mwaka wa tatu 90. Waliokaa mtihani wa mwisho ni 84, na 78 wamefaulu wakahitimu kwa wakati. Wengine 9 wamehitimu mwaka mmoja baadaye, baada ya kurudia masomo.

Chuo kinaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba ufaulu ni asilimia 93, maana 78 kati ya 84 wamefaulu. Mkuu wa idara anaweza kusema asilimia 87, akihesabu 78 kati ya 90 wa mwaka wa tatu. Mzazi aliyempeleka mtoto mwaka wa kwanza anapaswa kuambiwa asilimia 65, yaani 78 kati ya 120, kisha aongezewe kwamba ukisubiri mwaka mmoja zaidi wanafika 87 na asilimia inakuwa 72.5. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja ameanza kuhesabu mahali pake, na walioanguka njiani wameonekana kwa mzazi tu.

Baada ya hapo watafute 33 waliobaki. Gawa kurasa za daftari hivi: waliohamia kozi au chuo kingine, walioondolewa kwa matokeo, walioahirisha na bado wana haki ya kurudi, walioshindwa gharama, waliofariki, na wasiojulikana. Ukurasa wa wasiojulikana ndio wa kuufanyia kazi. Kijana wa Nansio aliyerudi Ukerewe muhula wa pili kwa sababu hakuwa na nauli ya meli wala pesa ya chumba hajaandikwa popote kwamba ameacha. Kwenye mfumo anaonekana "hajajisajili", na mwakani hataonekana kabisa. Simu moja kwa mzazi wake ingetosha kumhamisha kutoka kwa wasiojulikana kwenda kwa walioshindwa gharama.

Kisha vunja kundi vipande. Tuseme kati ya wale 120, watu 70 wana mkopo wa Bodi ya Mikopo na 50 hawana. Wenye mkopo waliohitimu kwa wakati ni 54, wasio nao ni 24. Hiyo ni asilimia 77 dhidi ya 48. Mpaka hapa huwezi kuapa kwamba sababu ni bumu, yaani fedha za mkopo, kwa kuwa wenye mkopo wanaweza kutofautiana na wenzao kwa mengi. Lakini sasa una swali lenye uzito la kumpelekea mlezi wa wanafunzi: asiye na mkopo akikwama ada ya muhula wa pili, anaruhusiwa kufanya mtihani kwa utaratibu gani, na ameelezwa na nani? Vunja pia kwa jinsia, kwa wenye ulemavu, na kwa walioingia na stashahada dhidi ya waliotoka kidato cha sita.

Tahadhari tatu. Darasa likiwa na watu 15, mtu mmoja ni karibu asilimia 7, hivyo andika idadi ya watu na asilimia uiache. Usilinganishe darasa la teknolojia ya ngozi, linalohitaji karakana na kemikali, na darasa la uhasibu. Linganisha kozi na kozi hiyohiyo ya mwaka jana na juzi. Na wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria wengi wanasoma huku wanafanya kazi, kwa hiyo kuwapima kwa miaka mitatu ni kuwaonea. Wape muda mrefu, ila muda huo utaje tangu mwanzo.

Hatua ya nne: kauntabuku ya darasa

Mfumo wa chuo hauandiki kipindi ambacho hakikufanyika. Darasa linaweza kuandika. Nunua kauntabuku moja, kiongozi wa darasa aichore safu sita: tarehe, somo, saa iliyopangwa, saa mhadhiri aliyoingia, saa aliyotoka, na kama kipindi kilifidiwa. Hapo hatuandiki jina la mhadhiri, wala maoni. "Jumanne, saa 2:00, ameingia 2:10, ametoka 3:50." Basi.

Nililiona daftari moja la namna hiyo la darasa la hapa mjini. Kurasa zake zilikuwa na madoa ya chai, na kwenye safu ya mwisho palikuwa na neno moja limejirudia wiki nne mfululizo: "hakuna, hakuna, hakuna, hakuna". Darasa lile lilikuwa limeshalalamika kwa mdomo mara nyingi bila kusikilizwa. Siku daftari lilipowekwa mezani kwa mkuu wa idara, alilifunua taratibu, akahesabu mwenyewe kwa ncha ya kalamu, halafu akainua simu. Vipindi vya kufidia vilipangwa Jumamosi mbili zilizofuata. Ilibainika kwamba mhadhiri alikuwa amepangiwa masomo kwenye kampasi mbili kwa wakati mmoja. Kosa lilikuwa la ratiba, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaliandikia barua.

Ndiyo maana nasisitiza majina yakae nje. Mhadhiri mwenye madarasa matano ya watu mia mbili anaumizwa na mpangilio uleule unaowaumiza wanafunzi, na daftari likiandikwa kwa haki atalitumia naye kudai wenzake waajiriwe. Serikali ina mfumo wake wa kupima mtumishi mmoja mmoja: zamani ulikuwa OPRAS, sasa ni PEPMIS. Kazi hiyo waachie wenye mamlaka nayo.

Kupima kama mzigo wa somo ni wa haki, tumia hesabu ya krediti. Kwa utaratibu wa TCU krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha mihadhara, semina, kazi za nyumbani na kujisomea. Somo la krediti 12 ni saa 120. Kama vipindi vilivyofundishwa vimefika nusu tu ya vilivyopangwa, saa zilizopotea zinahesabika, na unaweza kuzitaja kwa namba.

Matokeo nayo yaandikiwe tarehe mbili: siku ya mtihani na siku yalipoonekana kwenye akaunti ya mwanafunzi. Mwenye sapu anayepata matokeo siku tatu kabla ya kurudia mtihani hajatendewa haki, hata kama kanuni inasema amepewa nafasi. Mkataba wa huduma kwa mteja wa chuo, ambao mara nyingi umebandikwa ukutani pale mapokezi, huwa unataja siku za matokeo, transkripti na kujibu barua. Upige picha. Hiyo ni ahadi yao wenyewe, nawe unapima walichoahidi.

Hatua ya tano: baada ya joho

Ufuatiliaji wa wahitimu unaogopwa kwa sababu watu wanadhani unahitaji fedha za mradi. Kundi la WhatsApp la darasa linatosha kuanzia. Miezi 12 baada ya mahafali, tuma maswali manne: Unafanya nini sasa? Ulianza mwezi gani? Unatumia ulichosomea: sana, kidogo, au hapana? Ungeshauri somo gani liongezwe au lipunguzwe?

Usiweke kisanduku kimoja cha "ameajiriwa". Kanda yetu ina watu wanaofanya mambo matatu kwa siku. Binti mwenye shahada ya biashara anauza dagaa wa kukaanga waliofungwa vizuri, anawatuma Dodoma kwa basi, na jioni anafanya hesabu za duka la mjomba. Je, ameajiriwa? Andika alivyoeleza mwenyewe, kisha panga makundi baadaye: ajira ya mkataba, kazi yake mwenyewe inayomlisha, kazi yake isiyomlisha, anatafuta, anasoma.

Na taja siku zote wangapi hawakujibu. Waliofanikiwa hujibu upesi, aliyekwama ananyamaza. Ukipata majibu 40 kati ya 87, andika "40 kati ya 87 walijibu" juu kabisa ya ukurasa, kabla ya namba nyingine yoyote. Wapigie simu kumi miongoni mwa walionyamaza, uone kama hali yao inafanana na ya waliojibu. Wahitimu wenye mkopo wana sababu ya ziada ya kutaka jambo hili lijulikane: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kurejesha mkopo, na anayelipia elimu yake kwa miaka yote hiyo ana haki ya kuuliza ilikuwa na thamani gani.

Hatua ya sita: fuata fedha

Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, anakagua vyuo vya umma kwa mamlaka ya Ibara ya 143 ya Katiba. Ripoti zake hukabidhiwa kwa Rais kufikia mwisho wa Machi, na kwa kawaida huwekwa mezani Bungeni mwezi Aprili. Kisha zinapatikana bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Fungua ile ya mashirika ya umma, tafuta jina la chuo chako, soma hoja na majibu ya menejimenti.

Soma aina ya hati kwa makini. Hati inayoridhisha maana yake hesabu zimeandaliwa kwa viwango vinavyotakiwa na zinaonyesha hali halisi. Haisemi kwamba vipindi vilifundishwa, wala kwamba maabara iliyonunuliwa inatumika. Chuo kinaweza kupata hati safi huku mashine ikiwa bado ndani ya sanduku lake. Kuangalia kama kilichonunuliwa kinafanya kazi yake ni kazi ya ukaguzi wa ufanisi, ambao una ripoti zake peke yake.

Miaka hii fedha kubwa imekuja kupitia HEET, mradi wa serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021. Kampasi ya Ardhi ya Sengerema imetokana nao. Jengo linaonekana ukiwa barabarani, kwa hiyo linasifiwa haraka. Mjumbe wa baraza aulize kinachofuata baada ya utepe kukatwa: jengo hili limepangiwa wahadhiri wangapi wa kudumu, bajeti ya maji, umeme na matengenezo ni ya nani, na kundi la kwanza litakaloingia litafuatwa kwa daftari gani?

Hatua ya saba: barua

Simu na ujumbe havitoshi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma, nayo inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Andika hivi:

"Mkuu wa Kampasi, Mwanza.
YAH: MAOMBI YA TAARIFA ZA WANAFUNZI WALIOINGIA MWAKA WA MASOMO (taja)
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa chuo chako. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, naomba, kwa kampasi ya Mwanza peke yake na kwa kila kozi: (1) idadi ya waliojisajili mwaka wa kwanza, (2) kati ya hao, idadi ya waliojisajili mwaka wa pili na wa tatu, (3) kati ya hao wa (1), idadi ya waliohitimu kwa wakati na waliohitimu baadaye, (4) kati ya hao wa (1), idadi ya walioondolewa, walioahirisha na waliohama. Siombi majina wala namba za usajili za wanafunzi. Naomba kuwasilisha."

Maneno "kati ya hao" ndiyo moyo wa barua nzima, usiyaondoe. Sentensi ya kutoomba majina nayo ibaki, kwa sababu tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na ofisi ina sababu halali ya kuogopa. Peleka nakala mbili masjala, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, rudi nayo nyumbani. Hesabu siku 30 kwenye kalenda. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha mwombe mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi huo.

Ukijibiwa kwamba taarifa haipo katika mfumo huo, hilo nalo ni jibu. Mpelekee mwakilishi wa wanafunzi na mjumbe wa baraza, wapendekeze kwenye kikao iandaliwe kuanzia kundi linalofuata. Mimi mwenyewe nilipata maendeleo makubwa zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa kulaumu ya zamani.

Hatua ya nane: kaeni kikao, kisha muweke wazi

Kabla ya kuonyesha matokeo hadharani, kipe chuo wiki mbili kiyasome na kusahihisha. Mara mbili nimekuta kosa lilikuwa letu: tulikuwa tumehesabu waliohamia kutoka kozi nyingine kana kwamba waliingia mwanzo. Ukichapisha, eleza mlivyohesabu, wangapi walijibu, na useme wazi kwamba hizi ni hesabu za darasa lenu na siyo takwimu rasmi.

Kuna jambo moja lisilosubiri kikao wala wiki mbili. Mwanafunzi akiombwa ngono ili apewe alama, hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113, bure. Usiliandike kwenye kauntabuku na usimzungushe binti wa watu kwenye ofisi za chuo akisimulia upya mbele ya kila meza. Msindikize.

Katika kikao chenyewe, kila hoja iondoke na jina la cheo na tarehe. "Msajili wa kampasi ataleta mgawanyo wa walioahirisha ifikapo Januari 31." Andika, soma kwa sauti, kila aliyehudhuria asikie. Februari 1 mtu mmoja aende kuuliza.

Mwaka mpya wa masomo huanza Oktoba au Novemba. Usajili ukifungwa, nenda siku hiyohiyo uulize idadi ya kila kozi, kwa sababu baada ya muhula mmoja namba hiyo itakuwa imebadilishwa na nyingine. Ukurasa wa kwanza wa kauntabuku mpya andika kozi, kampasi, tarehe na idadi ya waliojisajili. Acha nafasi chini yake kwa mistari mitatu.